Nimerithi mbwa wa kilo 58 hapa Dodoma. Wenye mbwa wakubwa tukutane

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ukisema mtaani unafuga mbwa mkubwa unapewa maonyo mawili: atakufilisi kwa kula, na ipo siku atang'ata mtoto wa watu. Nimekaa naye vya kutosha kusema kwamba la kwanza linakuzwa tu. La pili ndilo la kujadili, na dawa yake haipo kwa mbwa peke yake. Ipo kwa majirani.

Historia fupi. Mhandisi mmoja tuliyefanya naye kazi mkataba ulimwishia, akawa anarudi kwao. Makochi yalipata wateja, friji ikapata mteja, mbwa akabaki. Dume la miaka minne, mchanganyiko wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, na sijui nini, jina lake Bruno. Watu walikuja kumtazama. Akishainuka tu pale barazani, wanakumbuka wana kikao. Mimi nina uwanja na ukuta wa tofali, nikamchukua. Uzito tulimpima kwenye mizani ya magunia pale mashine ya kusaga. Alipanda mwenyewe akakaa, kilo 58, mwenye mashine akiwa juu ya rundo la pumba.

Chakula. Kile cha dukani cha punje sikiwezi, labda nipate cheo kingine. Anakula ugali laini wa dona uliopikwa pamoja na mapafu au utumbo wa buchani, dagaa chenga walioloekwa wakatoka mchanga na chumvi, na mboga yoyote iliyopo, mara nyingi karoti au majani ya kunde. Hakuna kitunguu, hakuna chumvi, hakuna kiungo. Asubuhi kidogo, jioni zaidi. Muuza bucha ananiwekea fungu langu na mama mmoja mfuga kuku ana lake, kwa hiyo hatugombani. Kwa wiki sifikishi hela ya kilo tatu za nyama. Kuna watu humu wanamaliza zaidi ya hiyo Msalato Jumamosi moja, mnadani, kabla hata ndizi hazijaiva.

Kazi ipo mtaani. Njia ya watoto wa shule inapita ukutani kwangu. Bruno si mpiga kelele. Anachofanya ni kusimama kwa miguu ya nyuma na kuweka mikono juu ya geti, kichwa kinatokeza, anatazama. Basi. Hiyo tu ilitosha watoto wakabadili njia, bodaboda wa gesi akawa anaacha mtungi kwenye kona na kupiga simu, na mwenyekiti wa mtaa akaniita ofisini kwake. Hakuna aliyeng'atwa wala kukwaruzwa, lakini mtaa mzima ulikuwa unaishi na hofu iliyotoka nyumbani kwangu.

Nikaanza kumtoa kila siku saa ile ile, njia ile ile, kamba fupi, mdomoni kifunga mdomo cha ngozi. Nasalimia kila nyumba. Mwenye kuniuliza nasimama namjibu, mwenye kukimbia namwacha akimbie. Nakala ya cheti cha chanjo nikampelekea mwenyekiti bila kuombwa. Geti nikaliziba kwa bati mpaka juu, asiweze kutokeza kichwa. Hilo bati ndilo limeleta amani kuliko yote, kwa sababu mbwa asiyeonekana akichungulia hasemwi.

Karibuni wenye uzoefu. Hasa nataka kusikia habari za kupe, joto, na usafiri.

Kiti cha Mbele

Naweka kambi hapa. Picha, mkuu.

Pwani Mpaka Bara

Mleta uzi, samahani, lakini hapo umeshamharibu. Mbwa wa ulinzi unamtembeza kusalimia watu? Mbwa anafungiwa bandani asubuhi, anafunguliwa saa nne usiku, anajua mtu mmoja tu anayempa chakula. Akimzoea kila mtu, mwizi naye ni mtu. Marehemu baba alifuga Jemani shepadi wawili na hakuna aliyethubutu hata kuegemea ukuta wetu.

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Mkuu, nimekuelewa, na ndivyo wengi tulivyokuta kwa wazee wetu. Ila fikiria mbwa aliyeshinda gizani siku nzima. Anabwekea pikipiki, kunguru, mama wa maandazi, upepo wa Julai unaogonga bati. Usiku akibweka unageukia upande wa pili unalala, kwa sababu ni kelele zile zile. Bruno anajua mtaa unavyosikika ukiwa sawa. Mwezi uliopita alibweka saa nane usiku, sauti nzito, mfululizo. Niliamka bila kujiuliza. Jirani wa nyuma anajenga, vijana walikuwa wamefika kuchomoa nondo. Waliposikia mlango wangu unafunguka wakaruka.

Na kumzoea jirani akiwa kwenye kamba si sawa na kumruhusu jirani aingie. Ndani ya geti ni habari nyingine kabisa. Wajomba wa mke wangu wanaijua.

Mama Pacha

Mimi nasoma mwanzo hadi mwisho kwa sababu niko upande wa pili wa ukuta. Mtaani kwetu Nzuguni kuna mbwa watatu wa ukubwa huo na wenyewe kila siku wanasema "hana shida huyo". Mwanangu aling'atwa na kambwa kadogo tu, wala si haka kakubwa ka kwenu, na tangu siku hiyo hapiti hata mbele ya kibao cha "mbwa mkali". Sasa niambieni nyie wenye mbwa, mtoto afundishwe nini? Maana kila mtu anamfundisha mbwa, mtoto hafundishwi.

Mzee wa Mpwapwa

Mama Pacha, umeuliza swali kubwa kuliko uzi. Mimi ni afisa mifugo mstaafu, nilisomea Mpwapwa, nimezunguka Kongwa, Bahi na Chamwino nikichanja.

Mtoto afundishwe kusimama. Akikutana na mbwa asiyemjua asikimbie, asipige kelele, asimkazie macho. Asimame wima, mikono chini ubavuni, atazame pembeni, na mbwa akishapoteza hamu aondoke polepole kinyumenyume. Akiangushwa, ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono. Kinachomwita mbwa ni mbio. Afundishwe pia kutomgusa mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto, hata kama ni wa nyumbani. Na wewe mzazi mtazame mbwa, usimtazame mkia tu, kwa sababu mkia unatikisika hata kwa hasira. Mbwa aliyekakamaa mwili mzima, mdomo umefungwa, weupe wa jicho unaonekana pembeni, huyo anaomba nafasi. Mpeni.

Akishang'ata, hata kama ni mkwaruzo wa jino, haraka kwenye bomba. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukadiria. Halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msipake mafuta ya taa, wala majivu, wala pilipili. Nimeyaona yote hayo. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu ni kama umekwisha, lakini kabla ya dalili unazuilika kabisa. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama achunguzwe siku 10. Akiwa alikuwa na virusi kwenye mate siku ile aling'ata, ndani ya muda huo ataugua na kufa. Lakini chanjo ya mtoto isisubiri majibu ya mbwa.

Kwa mbwa wenyewe chanjo ni kila mwaka, na kwa mara ya kwanza akifikisha miezi mitatu. Kila 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huchanja bure kuzunguka tarehe hiyo. Muulizeni afisa mifugo wa kata mapema.

Mama Pacha

Mzee, shikamoo na asante. Nimeinakili hii naipeleka kwenye kundi la wazazi wa darasa.

Mgogo wa Nala

Mbukwenyi wana jukwaa.

Nacheka peke yangu. Kwetu mbwa ni mwembamba, anatoka na ng'ombe alfajiri, anarudi nao jioni, anakula kilichobaki na usiku anawabwekea fisi. Hana jina la kizungu. Nikimwambia babu kuna mbwa Ilazo anapikiwa dona na karoti ataniuliza huyo mbwa ameoa wapi.

Lakini mleta uzi umeuliza kupe. Mvua zikianza Desemba mpaka Aprili, kila jioni pitisha mikono mwili mzima. Wanajificha ndani ya sikio, kati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Usichome kwa kiberiti wala kumwaga mafuta. Shika kwa kibano karibu na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja. Sisi tunaogesha mifugo, lakini ile dawa ya josho la ng'ombe usimwogeshee mbwa kwa kukisia, kipimo chake ni kingine na yeye anajilamba. Ukiona amekataa kula, ufizi umekuwa mweupe, au damu inatoka puani, hiyo huenda ni homa ya kupe. Usisubiri Jumatatu.

Na mbigili! Mbwa wa mjini hajui mbigili. Atachechemea utadhani amevunjika, kumbe ni mwiba wa kichwa kidogo tu kati ya vidole.

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Mbukwa mkuu. Mbigili tumeshajuana nazo. Kiangazi hiki kila tukirudi nakaa kwenye ngazi, tochi ya simu mdomoni, yeye ananipa mguu mmoja mmoja bila kuambiwa. Mguu wenye mwiba anauleta wa kwanza. Nywele za kati ya vidole nazipunguza kwa mkasi, zinasaidia kuona.

Kuhusu babu yako: baba mkwe wangu ni mfugaji wa Bahi, alikuja kututembelea. Mwenyewe ana mbwa wanne wa machungani. Alikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, akamtazama Bruno muda mrefu, Bruno naye akamtazama. Nikawa nasubiri neno. Akamwita binti yake, si mimi, akamuuliza, "Huyu anachunga nini?" Mke wangu akasema anachunga nyumba. "Nyumba inatembea?" Siku mbili nzima mzee hakumgusa. Siku ya kuondoka nikamkuta amechuchumaa anamfungua mdomo kwa mikono miwili, anamkagua meno kama ndama wa kununua, na lile dubwana limetulia tuli. Akaniambia, "Mkwe, huyu ni wa miaka mitano sasa, si minne. Na nyonga ya kushoto usimpandishe ngazi sana." Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja alisema yale yale ya nyonga.

Mzee wa Mpwapwa

Mzee huyo mpe mkono wangu.

Mbwa wakubwa wana shida ya nyonga na viungo, na umri wao ni mfupi kuliko wadogo. Wengi wa uzito huo hufika miaka 8 hadi 10 hivi. Kwa hiyo usimnenepeshe. Ukipitisha mkono ubavuni uzisikie mbavu bila kubonyeza sana. Alale juu ya kitu laini, si sakafu tupu ya saruji, hasa Juni na Julai usiku unapokuwa wa baridi.

Jingine, na hili ndilo linaloua mbwa wenye kifua kirefu kama huyo: tumbo kujipinda. Anakula sana kwa mara moja, anakunywa maji mengi, anakimbia, tumbo linajaa hewa na kujizungusha. Dalili ni tumbo kuvimba na kukaza, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka zaidi ya povu, hatulii, anatoa udenda. Hapo una saa chache tu na tiba yake ni upasuaji. Hakuna dawa ya kienyeji, hakuna mafuta ya kula. Umefanya vizuri kugawa chakula mara mbili, endelea hivyo, na baada ya kula apumzike saa nzima kabla ya matembezi.

Na wale mnaowapa mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, pikeni. Kuna tegu mdogo sana wa mbwa ambaye mayai yake humwingia binadamu na kufanya uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Mzunguko wake unapitia hapo hapo, mbwa kula viungo vibichi vya mbuzi na ng'ombe. Ukishachemsha umeukata.

Mama Zabibu

Mzee, na mimi niongeze la kwetu Hombolo. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Watu hawaamini, maana mbuzi wanakula majani, kuku wanadonoa, sisi wenyewe tunakula. Kwa mbwa zinaua figo. Mmoja anaweza kula chache akafa, mwingine akala nyingi asione kitu, kwa hiyo huwezi kusema wangu amezoea. Zilizokaushwa ndizo mbaya zaidi kwa sababu nyingi zinaingia mdomoni mara moja. Ukimkuta amekula, usisubiri aumwe. Ndani ya saa mbili za kwanza daktari anaweza kumtapisha, ukichelewa ni maji ya mshipa na maombi.

Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu wa mavuno zinamwagika kila mahali. Mbwa wa shambani kwangu anakaa upande wa pili wa senyenge mpaka tumalize kuzoa. Wewe wa mjini mwangalie mgeni anayekuja na mfuko wa zabibu za zawadi na kuuweka chini mlangoni.

Kiti cha Mbele

Yaani anakaa Dodoma halafu ana mzio wa Dodoma 😂

Mashine ya Kibaigwa

Nipo kwenye nafaka, nitasema moja tu. Mahindi au karanga zenye ukungu watu wanasema "tusitupe, wapewe mbwa." Msifanye. Sumukuvu inakula ini la mbwa vilevile na kwa kasi zaidi. Hapa Dodoma na Manyara mwaka 2016 tulizika watu kwa sumu hiyo hiyo, si hadithi ya redioni. Kupika hakuitoi. Pumba za mahindi yaliyovunda ndizo mbaya kuliko dona lenyewe, kwa sababu ukungu unashika juu ya punje na pumba ndiyo ngozi. Mbwa akianza kuwa na macho ya njano na kukataa chakula, angalia gunia kabla ya kumlaumu jirani kwa sumu.

Abuu wa Majengo

Assalaam alaykum, na wengine habari zenu.

Mleta uzi umeandika kwa heshima, nami nikujibu kwa heshima. Sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito. Yakinigusa nguo au yakigusa chombo naosha mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kuna ruhusa, hatugombani hapo. Tunachoomba wenye mbwa ni kidogo: msimpitishe barazani kwa watu wakati wa kwenda swala, na msicheke mtu anapokunja kanzu na kuruka mtaro. Si woga. Amekwishatia udhu, na kurudi nyumbani kubadilisha ni kukosa swala ya jamaa.

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Waalaykum salaam, sheikh. Hili niliambiwa na mzee wa nyumba ya tatu kwetu, tena alinifuata getini mwenyewe. Njia ya msikitini nimeiacha kabisa, na Ijumaa mchana hatoki. Kamba naishika upande wa ukuta, mimi ndiye niko katikati yake na mtu. Mzee yule sasa tukipishana ananisalimia kwa jina la mbwa, "Baba Bruno", kwa mbali.

Pwani Mpaka Bara

Haya, nimeshindwa kwenye hoja ya banda, lakini kwenye kibao siachi. Umeandika MBWA MKALI getini au hujaandika?

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Kimeandikwa. Fundi wa vibao alitaka kuchora na kichwa cha mbwa, akatoa simba mwenye masikio ya punda, nikalipa hivyo hivyo.

Mgogo wa Nala

Hicho kibao kimelinda nyumba nyingi kuliko mbwa. Jirani yangu mmoja mjini anacho, ndani ana bata.

Dereva Mstaarabu

Nimeona umeuliza usafiri. Mimi naendesha kirikuu, nimeshabeba mbwa wa aina hiyo kutoka Kisasa. Bajaji usijidanganye, akigeuka tu mnaangukia mtaroni wote wawili. Daladala hata usiulize. Kirikuu ni sawa, lakini funga kamba mbili, moja kila upande, fupi kiasi asiweze kuruka nje akabaki ananing'inia. Tandika gunia au zulia, bodi la chuma linateleza na jua likipiga linaunguza. Mwenye mbwa akae nyuma naye. Kuna bosi alikaa mbele kwangu kwenye kiyoyozi, mbwa nyuma peke yake, tulipofika mzunguko wa kwanza mbwa alikuwa ameshaingia dirishani kwangu nusu. Na bei tuelewane kabla, sio kufika ndiyo tuambiane "kumbe ni mbwa tu".

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Safi sana. Hadi sasa daktari anakuja nyumbani, lakini Bruno akihitaji picha ya nyonga itabidi asafiri.

Joto naongezea kwa wengine: Oktoba na Novemba hapa Dodoma tunatoka kabla jua halijachomoza, au jioni kabisa. Lami ya barabara mpya hizi inashika moto mpaka saa mbili usiku. Bandika mgongo wa kiganja kwenye lami, kama wewe huwezi kuvumilia na yeye hawezi, yuko peku. Maji nimemwekea ndoo ya lita 20 kivulini, imefungwa kwenye nguzo kwa sababu anaipindua apate pa kulala. Siku za mgao wa maji ndoo yake inajazwa kabla ya deki, na kwenye hilo mimi na dada wa nyumbani hatujaafikiana.

Binti wa Mkonze

Swila je? Mwaka jana mbwa wetu alitemewa sumu machoni na nyoka huyo nyuma ya banda la kuku. Alikuwa analia huku anasugua uso chini. Tulimshika watu watatu tukamwagia maji safi machoni bila kuacha, robo saa na zaidi, halafu daktari akampa dawa ya macho. Amepona, jicho moja limebaki na ukungu. Kuna jirani alileta maziwa, mwingine akashauri mkojo. Maji yanatosha jamani, mengi na haraka. Kifusi cha matofali na kuni karibu na banda tumeondoa, huko ndiko alikokuwa anakaa.

Mzee wa Mpwapwa

Sahihi kabisa, binti. Na mbwa asizuiwe tu kusugua, avishwe kitu shingoni au ashikwe, maana anachojikwaruza mwenyewe kinaongeza madhara juu ya yale ya sumu.

Mlinzi wa Zamu

Mmeongea yote hamjagusa nyama ya sumu. Wezi siku hizi hawaji na fimbo, wanarusha kipande juu ya ukuta saa kumi jioni, wanarudi saa saba. Mbwa mkubwa kwa kula ndiye anayekufa wa kwanza. Mfundishe kula kwenye bakuli lake tu, na chakula kikianguka chini asiokote mpaka aambiwe. Unaanza na vipande vya mkate, mtu asiyemjua anarusha, wewe unamzuia kwa kamba, akikuangalia usoni unampa kizuri zaidi kutoka mkononi. Inachukua muda. Na asubuhi kabla ya kumfungulia zunguka uwanja mzima kwa macho.

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Hii naifanyia kazi kuanzia kesho, kijana wa jirani atakuwa mwizi wetu. Kuzunguka uwanja tayari ni desturi, ingawa mpaka sasa nimeokota ndala moja na mipira ya watoto. Mipira nairudisha kwa kubisha hodi, si kwa kurusha juu ya ukuta. Zamani walikuwa wanatuma mkubwa wao kuja kuuliza, sasa wanakuja wenyewe wanasimama nyuma ya bati na kuita, "Baba Bruno, mpira!"

Mwanaiyumbu

Mkuu, nimesoma yote kwa haraka. Nina jike la Boerboel safi kabisa, lina joto mwezi ujao. Mbegu ya huyo dume unatoa shilingi ngapi, au tunagawana watoto?

Mtu wa Ilazo (mleta uzi)

Alishahasiwa tangu kwa mwenyewe wa kwanza, mkuu.

Mwanaiyumbu

Duh. Basi nipe utaratibu wa lile fungu la mapafu.